Aliujuaje mdimu wangu?

Assalamu alaykum Dada Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 66, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nakaa Mji wa Kale hapa Mombasa, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Alifariki 2018. Nilikaa eda yangu miezi minne na siku kumi, nikatoka, mwaka uliofuata nikastaafu, na tangu hapo nyumba ina mimi, mjukuu wangu wa miaka 22 anayesoma chuo, na paka. Mwanangu yuko Bamburi na mkewe. Huja Ijumaa baada ya sala, akala, akaenda zake.

Nakuandikia kwa sababu mtaa wetu ni mdogo. Ukipiga chafya Kibokoni, Kuze wanakuombea shifaa. Jambo hili sina pa kulisemea.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, rafiki yangu aliniingiza katika kundi la Facebook la wapenzi wa taarab za zamani. Nitamwita Bi K. Naye ni mjane, na nyumba zetu zinatenganishwa na kichochoro ambacho watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Kwenye kundi hilo watu huweka picha za harusi za zamani, na sisi wazee tunabishana nani aliimba siku ile na nani alivaa nini. Mwezi haujesha, mtu akaniandikia pembeni. Picha yake ilikuwa ya mwanamume mwenye mvi, kavaa sare nyeupe ya nahodha, nyuma yake bahari. Akasema kazaliwa Majengo, wazazi wake wakahamia Oman miaka ya 80 yeye akiwa kijana, sasa ni nahodha wa meli ya mizigo na mkewe amefariki. Nitamwita Kapteni.

Sikuvutwa na sare, dada. Mombasa manahodha tumewaona. Nilivutwa na maneno yake. Aliandika Kimvita cha nyumbani, "mato" kwa macho, "kitwa" kwa kichwa na "ndoo" kwa njoo, kile ambacho wajukuu zetu wanakionea haya. Kila alfajiri, kabla sijachukua udhu, nilikuta ujumbe: "Umeamkaje, mboni ya mato yangu?" Marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini miaka yote tuliyokaa pamoja hakuniambia neno kama hilo hata kwa kukosea.

Hatukuwahi kuonana kwa video. Alisema kampuni imekataza na intaneti ya melini ni dhaifu. Sauti yake nimeisikia mara moja tu, maneno machache, akikohoa, upepo ukivuma. Ilikuwa sauti ya mtu mzima.

Pesa zilianza mwezi wa Julai. Kwanza shilingi 15,000 za dawa za baharia wake mgonjwa, kwa kuwa kadi yake ya benki imefungwa mpaka afike bandarini. Agosti 32,500. Oktoba 60,000. Novemba 107,000 za kutoa kontena la samani zake alilolitanguliza hapa Kilindini, maana anahamia kwetu na tutafunga ndoa. Jumla ni 214,500, nimezihesabu usiku mpaka nikaziota. Zote nilizituma kwa M-Pesa, kwa majina matatu tofauti, yote ya wanawake. Akasema ni mawakala wake.

Na kuna picha. Nilimtumia moja nikiwa uani jioni, nimetoka kuoga, kichwa wazi, nywele zimelowa. Hakuna ubaya mwingine, wallahi. Lakini mimi ni mtu mzima, nimefundisha watoto wa mtaa huu, na tangu usichana wangu hakuna mwanamume asiye maharimu yangu aliyeziona nywele zangu.

Sasa nisikilize. Nyuma ya nyumba nilikuwa na mdimu, umri wake kama wa mwanangu. Mizizi ilianza kupasua tangi la maji, nikaita mtu aukate mwezi wa Septemba. Siku hiyo nililia kama nimefiwa. Bi K alikuwepo, alichukua beseni zima la ndimu za mwisho akaenda kufanya achari. Mjukuu wangu ndiye aliyetoa magogo. Uani kwangu hakuonekani kutoka njiani, wala haingii mtu ovyo.

Wiki chache baadaye, Oktoba, Kapteni akaniandikia: "Je, mdimu umechipua tena, au ndiyo basi?"

Dada, sikumwambia habari ya mdimu. Nimerudi nyuma nikasoma kila ujumbe, kuanzia wa kwanza. Sikumwambia. Nilipomuuliza alijuaje, akasema moyo unaopenda huona mbali. Na mimi, mjinga wa watu, nikatabasamu. Wiki hiyo hiyo nikatuma zile 60,000.

Mwezi uliopita, kwenye hitima ya jirani, Bi K alinivuta jikoni akaninong'oneza kwamba naye ana mtu. Ni daktari, yuko Kuwait, wanajuana tangu Aprili. Akafungua simu anionyeshe jinsi mtu huyo anavyojua kusema. Ujumbe wa juu kabisa ulisomeka: "Umeamkaje, mboni ya mato yangu?" Nilishika ukingo wa sinki. Sikusema kitu. Nilimwambia hongera, nikatoka na sinia ya mahamri kana kwamba hakuna lililotokea.

Tangu siku ile silali. Nani anajua mdimu wangu na anajua simu ya Bi K? Fikra inarudi kwa mtu mmoja, mjukuu wangu. Yeye ndiye aliyeniwekea Facebook na WhatsApp, na Bi K pia alimtengenezea simu. Anajua nambari zangu zote za siri. Novemba alikuja na viatu ambavyo hata babake hana. Akiniona naingia chumbani hugeuza simu kifudifudi. Hakuna mwingine aliyejua mambo ya uani ila sisi wa ndani.

Kapteni sasa anataka 180,000, za mwisho, ndipo kontena litoke. Nilipomwambia sina akaandika: "Sawa, nitakuwa natazama picha yako peke yangu. Kwa sasa." Hilo "kwa sasa" limenikaa kifuani kama mfupa wa changu.

Nikienda polisi, huenda nikamfunga mjukuu wangu kwa mkono wangu. Nikimwambia mwanangu, atamuua, au atauza simu yangu na kunihamishia Bamburi kama mtoto. Nikinyamaza, Bi K ataendelea kutuma. Na la mwisho, naandika huku naona haya: bado naamka saa kumi na moja alfajiri kutazama simu.

Mama wa Uani, Mji wa Kale

*

Waalaykum salaam, dada yangu Mama wa Uani,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na kalamu, maana nilianza kuona kwamba mwalimu hawezi kuacha ualimu: umetupa tarehe, umetupa hesabu, umetupa hata mahali aliposimama kila mtu siku ya kukata mti. Hayo yatatusaidia. Lakini kwanza nikurudishie ulichoniambia, unisahihishe nikikosea.

Umempenda mtu usiyemwona, umempa 214,500, na sasa unaamini mtu huyo hayupo, na kwamba aliyejificha nyuma yake anakula sahani moja na wewe. Unaogopa mambo manne kwa mpigo: picha, polisi, hasira ya mwanao na mjukuu wako. Na chini ya yote hayo kuna kilio ambacho hukipi nafasi, kwa sababu unaona haya kumlilia mtu wa uongo.

Juu ya Kapteni mwenyewe sitakuzungusha, maana nadhani wewe umeshamaliza kazi hiyo. Mtu anayekataa video, pesa zake zimefungwa benki, mzigo wake umekwama forodhani na ndoa iko mbele kidogo tu, huyo anajulikana duniani kote. Mara ni nahodha, mara ni mwanajeshi, mara ni mhandisi wa visima vya mafuta baharini, kazi zote ambazo mtu hapatikani kwa urahisi. Picha huwa ni za mtu mwingine kabisa, ambaye hana habari kwamba sura yake inaomba pesa Mombasa. Ukitaka kujiridhisha, wewe uko kwenye mji wa bandari. Kila meli kubwa ya mizigo ina nambari ya IMO, tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata meli ibadilishwe jina na bendera. Ukiwa nayo, mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni na kuona meli ilipo. Nahodha anaijua nambari hiyo. Na kontena Kilindini hutolewa kwa hati, kupitia wakala wa forodha mwenye leseni, na ushuru hulipwa serikalini. Hauingii kwenye simu ya mwanamke usiyemjua. Sisemi umuulize sasa, nitakueleza kwa nini. Nasema ujue tu kwamba maswali ya kuuliza yapo.

Umejiita mjinga wa watu. Nimekivuka kifungu hicho mara mbili, nikarudi. Dada, Marekani, nchi yenye kila aina ya onyo, mwaka 2022 watu karibu 70,000 walikwenda kuripoti serikalini kwamba wametapeliwa kwa mapenzi ya namna hii, na hasara yao ilikuwa dola bilioni 1.3. Hao ni waliopata ujasiri wa kuripoti. Wamo watu wazima wenye shahada na biashara zao. Utapeli huu haumtafuti mjinga, unamtafuta mtu ambaye hajaulizwa ameamkaje kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye mdimu, maana hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Umeandika: "Hakuna mwingine aliyejua mambo ya uani ila sisi wa ndani." Lakini juu yake kidogo umeandika kwamba Bi K alikuwepo siku hiyo na akaondoka na beseni la ndimu. Bi K, kwako, amekuwa wa ndani kiasi kwamba umesahau kumhesabu. Simshuku hata kidogo. Nauliza tu, usiku ule, Bi K alipokaa na simu yake, mikono inanuka ndimu na chumvi, yule daktari wa Kuwait alipomuuliza "leo umefanya nini?", alimjibu nini?

Mtu akipendwa husimulia. Ndiyo raha yenyewe ya kupendwa. "Leo nilikuwa kwa shoga yangu, maskini kakata mdimu wake, amelia mpaka nikamhurumia, mwenyewe kazoea kusema ule mti ni mwanawe." Maneno mazuri, ya mapenzi, hayana hila. Na kama Daktari na Kapteni ni mtu mmoja, au ni watu wawili wanaokaa meza moja, basi mdimu wako ulifika kwake bila mjukuu wako kufungua kinywa. Tazama na tarehe zako mwenyewe. Daktari alianza Aprili. Bi K akakuingiza kundini Mei. Kapteni akakupata ndani ya mwezi mmoja. Inawezekana alikuja kwako akiwa tayari anajua wewe ni mjane, mwalimu, una kiinua mgongo, na unapenda Kimvita.

Na kuna mlango wa pili. Ile picha ya jioni uliipigia uani. Uliituma lini, kabla ya Septemba au baada? Nyuma yako kulikuwa na mti, au kisiki? Sisi huangalia uso wetu kwenye picha. Mwenye kututafuta huangalia ukuta.

Hilo neno "mboni ya mato yangu" nalo linaweza kusomwa hivyo hivyo. Watu wa kazi hii hawatungi upya kila alfajiri. Wana maneno yaliyoshika, wanayanakili na kuyatuma kwa wanawake kumi kabla ya chai. Umeliona kwenye simu mbili kwa sababu ulibahatika kuziona mbili.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani nimemfutia mtu yeyote. Kimvita kile mtu hajifunzi kwa wiki mbili. Kuna uwezekano mkubwa mmoja wao ni wa pwani hii, au anaishi na mtu wa pwani hii. Anaweza kuwa mtu wa mtaa wenu. Anaweza hata kuwa rafiki wa mjukuu wako. Ninachosema ni kwamba ushahidi ulionao leo unaingia kwenye nyumba mbili, na wewe umegonga moja tu.

Tumtazame basi kijana. Aliwawekea WhatsApp. Nani mwingine angewawekea? Kila mtaa una kijana mmoja ambaye bibi zote humpa simu. Anageuza simu kifudifudi ukiingia. Dada, kijana wa miaka 22 anayegeuza simu bibi yake akiingia ni kijana wa miaka 22. Viatu ni swali halali, na kwa bibi ni swali dogo: "Hivi umevipata wapi, vizuri hivi?" Umeuliza? Barua yako haisemi. Na sauti uliyosikia haikuwa yake, ingawa sitaegemea sana hapo, kwa kuwa siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazoweza kutengeneza sauti ya mtu yeyote.

Lililonishtua mimi si viatu. Ni kwamba anajua nambari zako zote za siri. Awe malaika, hilo libadilike. Badili PIN ya M-Pesa leo, peke yako, mlango umefungwa. Kisha piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, tutakuwa na mazungumzo mengine. Na ile taarifa ya M-Pesa ya miezi yote uliyotuma, iombe, uipige chapa. Yale majina matatu ya wanawake ndiyo kitu kigumu kuliko vyote ulivyonavyo, kigumu kuliko mdimu. Laini husajiliwa kwa kitambulisho. Huenda wanawake hao nao wametumiwa, huenda vitambulisho vyao viliibwa, lakini hapo pana mlango wa kuanzia ambao hauko nyumbani kwako.

Unaweza kuzungumza na kijana kwanza. Ukifanya hivyo, kuna namna ya kumjia kama mtu anayeomba msaada: "Mjukuu wangu, nimetapeliwa, nisaidie kupanga hizi karatasi." Ukimtazama usoni wakati huo utajifunza mengi kuliko ukimhoji. Hatari yake ni kwamba kama anahusika, atafuta kila kitu kabla ya usiku, kwa hiyo nakala za ujumbe ziwe kwa mtu mwingine kabla hujafungua kinywa. Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Ukimjia kwa tuhuma, na ikawa si yeye, neno "mwizi" likitoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu haliokotwi tena. Ataendelea kula kwako, ataendelea kukuamkia, na utajua kila asubuhi kwamba analikumbuka.

Mwanao ni habari nyingine. Umeandika kama kwamba ana majibu mawili tu, kuua au kukuhamisha. Nyumba aliyokulia inakwenda kuguswa na jambo hili, na pengine ana haki ya kujua. Pengine pia unamjua kuliko mimi. Je, kuna mtu anayemsikiliza, mjomba, mkewe, shehe wake, anayeweza kukaa katikati siku ya kumwambia? Kumwambia mkewe kwanza si uoga. Mara nyingi wakwe wa kike ndio wanaojua mlango wa kuingilia.

Polisi. Unadhani ukienda lazima uandikishe jina la mjukuu wako. Unaandikisha kilichotokea: nambari, majina ya waliopokea, tarehe, kiasi. Unapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, ambayo inagusa ulaghai wa mitandaoni na kujifanya mtu usiye. Ukiona tabu kwenda kituoni, idara ya upelelezi, DCI, ina nambari ya bure, 0800 722 203. Na nambari za simu za matapeli unaweza kuzituma 333, nambari ya Safaricom. Lakini nisikupake mafuta: uchunguzi ukianza, hauna breki mkononi mwako. Ukielekea kwa kijana, utaelekea. Na uwezekano wa kuziona pesa zako tena ni mdogo. Wako wanaoandikisha kwa ajili ya pesa wakavunjika moyo, na wako wanaoandikisha ili jina lao liwe upande wa waliosema. Wewe uko upande gani, ni wewe ujuaye.

Neno moja la haraka hapa: ukianza kulalamika popote, atatokea mtu, pengine kwa Kiingereza kizuri, akisema anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada ndogo. Huyo ni Kapteni amevua sare.

Picha. "Kwa sasa" ni tisho, umelisoma sawasawa. Huenda ni tisho tupu, maana akiitoa picha anapoteza kamba aliyokufunga nayo. Huenda si tupu. Waliowahi kulipa kwa sababu ya picha husimulia kwamba malipo hayakufunga mlango, yaliwaonyesha tu matapeli kwamba unafunguka. Kumtisha mtu ili atoe pesa ni kosa, picha iwe ya namna gani, na ujumbe ule ni ushahidi, kwa hiyo usiufute kwa hasira. Ndiyo sababu pia sikutaka umhoji sasa hivi juu ya meli yake. Mtu aliyeshikwa hufanya haraka. Ukimya, au "bado natafuta", unaweza kukununulia wiki mbili za kuweka karatasi zako mahali pake. Hizo 180,000 ni zako na sitakushikia mkono. Nakuomba tu zilale kwanza.

Na tuseme mabaya yatokee, picha ionekane. Itakuwa picha ya mwalimu wao, nywele zimelowa, ametoka kuoga nyumbani kwake. Watasema. Mji wa Kale husema. Najiuliza watasema kwa muda gani, na nani atasimama nawe wakisema. Sina jibu. Ila nina shaka kama orodha hiyo ni fupi kama unavyodhani saa nane za usiku.

Ulichoandika mwisho, kwa haya, ndicho nilichokikuta nikikifikiria jikoni kwangu. Bado unaamka saa kumi na moja. Bila shaka unaamka. Mtu alikuwa uongo, lakini saa ile ilikuwa yako ya kweli: mwanamke wa miaka 66, giza, adhana bado, na neno tamu. Huwezi kuliomba lirudi, lakini usijiadhibu kwa kulikosa. Mimi baada ya kufiwa nilikuwa nawasha redio saa hizo, si kwa sababu ya habari. Nilitaka mtu azungumze.

Nadhani kuna mwanamke mwingine hatua tatu kutoka kwako, ng'ambo ya kichochoro, anayefungua simu saa hiyo hiyo na kusoma maneno yale yale. Unayo siri inayoweza kumwokoa pesa zake, na huenda anayo siri inayoweza kumwokoa mjukuu wako. Anaweza kukukasirikia, akasema unamwonea wivu. Hutokea, na urafiki huvunjika hivyo. Anaweza pia kumwonyesha Daktari kila neno utakalosema, kabla hujafika mlangoni kwako, kwa hiyo chagua saa, na uhakikishe simu zote mbili ziko mezani mbele yenu.

Ukiamua kwenda, anza na ile achari, kama imebaki. Kisha muulize alimwambia nini Daktari wake kuhusu wewe. Na jiandae, maana akishajibu naye atakuuliza wewe ulimwambia nini Kapteni kuhusu yeye. Hilo katika barua yako ndefu hukuliandika, na nimelitafuta.

Niandikie tena.